UZI: Joto lipo, mvuke upo, mawingu yapo, mbona radi haikupiga? Tuongee kuhusu kifuniko cha angani

MtazamaMawingu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kila msimu wa mvua naona watu wanalalamika kwamba watabiri wa hali ya hewa wanabahatisha, hasa kwenye mvua za radi, yaani wanatangaza ngurumo na upepo mkali halafu jioni inapita hivi hivi jua linazama bila hata tone, siku nyingine hawajasema kitu mara mawe yanapiga mapaa. Hii mada naipenda toka zamani na nimeisoma miaka mingi, kwa hiyo nimeona niandike kirefu ili watu wajue kinachopimwa ni nini na ugumu uko wapi hasa. Msimamo wangu nauweka mapema: siku kama hizo, ugumu karibu wote uko kwenye kitabaka kimoja cha hewa ya joto kinachokaa kama kilometa 2 hivi juu ya vichwa vyetu. Humu nitakiita kifuniko.

Tuanze na hewa yenyewe. Chukua furushi la hewa lililo karibu na ardhi, lipandishe. Huko juu mgandamizo ni mdogo kwa hiyo linatanuka, na likitanuka linapoa, halihitaji kugusana na kitu cha baridi, linapoa kwa ile kazi tu ya kutanuka. Aliyewahi kubonyeza valvu ya tairi na kusikia upepo unatoka wa baridi ameshaigusa hii fizikia kwa kidole. Likiwa bado halijaanza kuwa wingu linapoa nyuzi 9.8 kwa kila kilometa, popote duniani, maana namba hiyo inatoka kwenye mvutano wa dunia na uwezo wa hewa kubeba joto basi.

Sasa likipanda mpaka mvuke wake ukaanza kugeuka matone (ndo pale chini ya wingu palipo sawa kama meza), hali inageuka kabisa. Mvuke ukigeuka maji unaachia joto ulilokuwa umelificha, kama jouli milioni 2.5 kwa kila kilo ya maji. Kwa lugha rahisi, gramu 1 tu ya mvuke ikigeuka maji ndani ya kilo 1 ya hewa, hewa hiyo inapata joto la nyuzi 2.5. Kwa hiyo toka hapo furushi linaendelea kupoa ila taratibu, kwenye hewa ya joto yenye mvuke mwingi ni kama nyuzi 4 au 5 kwa kilometa badala ya 9.8. Nikiulizwa radi inakula nini najibu hapo, inakula joto lililofichwa kwenye mvuke. Jua ndo lililoutoa mvuke baharini na ziwani na kwenye majani, wingu linakuja kuirudisha ile nguvu yote ndani ya nusu saa.

Swali analojiuliza mtabiri ni moja tu: hili furushi likifika kimo fulani, litakuwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka au litakuwa baridi zaidi? Likiwa na joto zaidi ni jepesi, linaendelea kupanda lenyewe kama boya lililoachiwa chini ya maji. Likiwa baridi zaidi ni zito, linarudi chini.

Nawawekea siku moja kwa namba, nimeitengeneza mwenyewe ili hesabu ionekane. Mchana joto ni 31, joto la umande ni 22 (yaani hewa hiyo ukiipoza mpaka 22 umande unaanza kutoka). Kanuni ya haraka: tofauti ya hizo mbili zidisha kwa mita 125, unapata kimo cha chini ya wingu. 31 toa 22 ni 9, kwa hiyo wingu linaanzia kama mita 1,100. Hapo furushi lina nyuzi 20. Likipanda mpaka kilometa 2 linakuwa na nyuzi 16. Lakini puto la kupimia hewa lililorushwa asubuhi limeonyesha hewa ya kilometa 2 ina nyuzi 17. Umeona? Nyuzi 1 tu. Furushi ni zito kuliko majirani zake, linakwama, wingu linatoka dogo jeupe la pamba linabaki hapo hapo mchana mzima.

Ila hewa ya kilometa 5 ina nyuzi -4, na furushi kama lingeweza kufika huko lingekuwa na nyuzi 2, yaani joto zaidi kwa nyuzi 6. Huko juu kuna nguvu ya kutisha inasubiri, kati ya furushi na hiyo nguvu kuna nyuzi 1. Hicho ndo kifuniko, na hiyo ndo siku mtabiri hapati usingizi.

---

Kisiki_Mkavu

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila mi sikubaliani na kitu kimoja. Toka utoto tunajua joto kali ndo linaleta mvua, watu wanasema kabisa leo kunafukuta lazima inyeshe. Sasa hapo si joto likipanda tu kidogo kifuniko kinapasuka? Mbona kuna siku joto linafika hata 36 na hakuna kitu?

---

BintiSayari

@Kisiki_Mkavu ngoja nimsaidie mwenye uzi maana hili nimelifundisha darasani. Neno ulilotumia mwenyewe lina jibu, "kunafukuta". Kufukuta sio joto peke yake, ni joto pamoja na mvuke, jasho halikauki. Tumia namba zake zile zile uone.

Pandisha joto kutoka 31 mpaka 34, umande uache 22. Wingu sasa linaanzia mita 1,500, furushi pale lina nyuzi 19 na kidogo, likifika kilometa 2 lina kama 17. Ndo kwanza limelingana na kifuniko, liko ukingoni. Haya rudisha joto 31 ila umande upandishe kutoka 22 mpaka 24. Wingu linaanzia chini zaidi, mita 875, linaanza kupoa taratibu mapema, likifika kilometa 2 lina nyuzi 17 na nusu. Limepita! Nyuzi 2 za umande zimefanya kazi ambayo nyuzi 3 za joto zimeishia kuigusa tu.

Ndo maana ile siku ya 36 kavu hakuna kitu, umande pengine ulikuwa 12 na wingu lingetakiwa kuanzia kilometa 3 huko.

---

MtazamaMawingu

Dada @BintiSayari asante sana, umelieleza vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Niongezee hapo hapo, kifuniko kina sura mbili na watu wengi wanaiona moja. Kinazuia, sawa, lakini pia kinatunza. Bila kifuniko, mvuke unaanza kupenya kwenda juu toka saa nne asubuhi, vimawingu vidogo vidogo kila mahali, vimvua vya hapa na pale, nguvu inaisha kidogo kidogo na hamna radi ya maana. Kikiwepo kifuniko cha wastani, joto na mvuke vinarundikana chini yake mchana kutwa, kama sufuria iliyofunikwa, halafu saa kumi kikipasuka sehemu moja kila kitu kinapitia hapo hapo. Kikiwa kizito mno hakipasuki, siku inaisha kavu na watu wanamtukana mtabiri. Kwa hiyo siku yenye hatari kubwa na siku isiyo na kitu kabisa zinaweza zikafanana asubuhi, zinatofautiana kwa nyuzi 1 au 2 kilometa 2 juu.

Ile nguvu inayosubiri juu ya kifuniko ina kipimo, wenyewe wanaita keipu, inahesabiwa kwa jouli kwa kila kilo ya hewa. Siku ya mfano wetu ingekuwa kama 2,000. Ukiizidisha mara 2 ukatafuta kipeuo chake unapata kasi ya juu kabisa ambayo hewa ingepanda, mita 63 kwa sekunde, kama kilometa 225 kwa saa kuelekea juu. Kiuhalisia inapata kama nusu yake maana wingu linanyonya hewa kavu ya pembeni na linabeba uzito wa maji yake lenyewe. Hata hiyo nusu ni kasi ambayo rubani haendi kuijaribu.

---

Rada_Kiganjani

Nina swali la ukweli mkuu. Kama hesabu ni hizi za kujumlisha na kutoa, kompyuta zote hizi za siku hizi zinashindwa nini? Mbona bado wanakosea?

---

MtazamaMawingu

Swali zuri na ndo nililokuwa nalisubiri. Hesabu tunaijua, tatizo ni kuijua hewa yenyewe ilivyo sasa hivi.

Kipimo kikuu cha huko juu bado ni puto. Linajazwa gesi ya hidrojeni au heliamu, linaning'inizwa kiboksi chepesi chenye vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo pamoja na redio ya kurusha data, linapanda kama mita 5 kwa sekunde, linavuka kilometa 30 ndo linapasuka. Upepo wanaupata kwa kufuatilia linavyosukumwa. Hiki kitu si kipya, Pavel Molchanov alirusha la kwake huko Urusi tarehe 30 Januari 1930, na Robert Bureau wa Ufaransa alikuwa ameshajaribu la kwake mwaka 1929. Mpaka leo vituo vingi vinarusha saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za kimataifa, wengine mara moja tu kwa siku. Na kati ya kituo na kituo kuna mamia ya kilometa. Sasa kifuniko kinaweza kuwa na nyuzi 17 hapa na nyuzi 18 kilometa 60 kutoka hapa, na kwenye data hakuna anayejua.

Setilaiti zinasaidia, zinapima joto na mvuke kutoka juu, ila zinaona matabaka kwa unene, kale katabaka kembamba ka kifuniko kanapotea katikati. Rada nayo inaona mvua ikishakuwepo. Na rada ina ugonjwa wake, dunia ni duara, mwale ukiurusha kwa pembe ya nusu digrii, ukifika kilometa 100 upo kama mita 1,500 juu ya ardhi. Yaliyo chini ya hapo huyaoni.

Halafu modeli zenyewe, yaani zile programu za kompyuta za kutabiri. Modeli kubwa za dunia nzima zinaigawa hewa kwenye vyumba vyenye upana wa kilometa 9 au zaidi. Mkondo wa hewa unaozaa radi unaweza kuwa na upana wa kilometa 2 au 3. Yaani kitu tunachokitafuta ni kidogo kuliko chumba, kwa hiyo modeli hailioni wingu, inalikadiria kwa kanuni za pembeni. Ndo maana wakatengeneza modeli za vyumba vya kilometa 3 kushuka chini, hizo zinaanza kuotesha mawingu ya radi zenyewe. Marekani wana ya kwao inayoendeshwa upya kila saa, ilianza kazi rasmi mwaka 2014. Ukiangalia matokeo yake yanafanana na picha ya rada kabisa, na hapo ndo watu wanajikwaa, wanadhani radi iliyochorwa pale saa kumi itakuwepo pale saa kumi. Hapana. Inakwambia radi za aina hiyo zitakuwepo eneo hilo jioni hiyo.

Na hata ukiongeza puto ukapunguza vyumba kuna ukuta wa kimaumbile, mtafiti wa hali ya hewa Edward Lorenz aliuonyesha mwaka 1963, kosa dogo la mwanzo halibaki dogo, linakua. Kwa mawingu ya radi linakua ndani ya saa chache. Ndo maana sasa wanaendesha modeli hiyo hiyo mara nyingi kila moja ikianza na hewa iliyochezewa kidogo, wanahesabu ngapi zimetoa radi. Asilimia mnazozisikia, sehemu kubwa zinatoka huko.

---

Mzee_Tulivu

Vijana nawasoma. Naomba basi mnisaidie hiyo asilimia. Wakisema asilimia 30 ya radi maana yake asilimia 30 ya mkoa utapata? Au mvua itanyesha asilimia 30 ya siku?

---

BintiSayari

Shikamoo mzee. Sio eneo wala sio muda. Ni kwamba pale ulipo wewe, ukichukua siku 10 zenye hewa kama ya leo, siku 3 utapata na siku 7 hutapata. Kwa hiyo usipopata mara moja utabiri haujakosewa, utakuwa umekosewa kama mwaka mzima wakisema 30 halafu ikawa inatokea mara 6 kwa 10. Hiyo wanaikagua na inahesabika. Kwa zile radi za hatari vituo vingine wanatumia mzunguko, Marekani kwa mfano asilimia yao inahusu tukio kutokea ndani ya kilometa 40 hivi kutoka ulipo, ndo maana namba zao zinaonekana ndogo lakini asilimia 10 ya tonado (nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka winguni mpaka ardhini) ni kubwa sana.

---

Mzee_Tulivu

Marahaba. Nimeelewa, siku 3 kwa 10. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

---

Kisiki_Mkavu

Sawa nimekubali ya umande. Sasa kwa nini radi nyingine inapiga dakika 20 inaisha na nyingine inatembea masaa inaharibu kila kitu? Zote si zimepasua hicho kifuniko?

---

MtazamaMawingu

Hapa ndo upepo unaingia, na kwangu mimi hii ndo sehemu tamu kuliko zote.

Radi ya kawaida inajiua yenyewe. Hili lilipimwa kwa ujasiri mkubwa miaka ya 1946 na 1947 huko Florida na Ohio, Horace Byers na Roscoe Braham waliongoza mradi ambao marubani waliingiza ndege ndani ya mawingu ya radi kwa makusudi, ndege kadhaa kwa vimo tofauti kwa wakati mmoja. Walichokiona: kwanza hewa yote inapanda, halafu mvua inakuwa nzito inaanza kuanguka inaburuta hewa chini, kwa muda mnakuwa na kupanda na kushuka pamoja, mwisho kushuka kunazima kupanda, chakula kimekatwa. Mzunguko wote ni kama nusu saa mpaka saa moja. Kosa la hilo wingu ni kusimama wima, mvua inaangukia kwenye njia yake lenyewe ya kupandia.

Sasa weka upepo unaobadilika kadri unavyopanda, chini unavuma taratibu kutoka upande mmoja, kilometa 6 juu unavuma kwa kasi kutoka upande mwingine. Tofauti ya hizo pepo mbili ikifika kama mita 20 kwa sekunde, wingu linakuwa jingine. Mvua inapelekwa mbali na njia ya kupandia kwa hiyo haliji kujizima. Na kuna jambo la pili. Upepo wa juu ukiwa na kasi kuliko wa chini, hewa ya katikati inakuwa inabingirika, kama kalamu unayoisugua kati ya viganja viwili, imelala. Mkondo wa kupanda ukiipitia unaiinua, inasimama wima, sasa wingu zima linazunguka. Keith Browning ndiye aliyelipa jina supaseli mwaka 1962 akisoma mawingu ya Uingereza. Linaishi masaa, linavuta hewa ya joto mbele yake linatema mvua pembeni, na tonado nyingi kali zinatoka kwenye mawingu ya aina hii. Mengi yao hayatoi tonado lakini, na kwa nini moja linatoa na jirani yake halitoi, hapo ndo utafiti mwingi bado uko.

Kwa hiyo mtabiri anashika vitu vinne: mvuke, hewa inayokubali kupanda, kitu cha kuisukuma ipite kifuniko (mlima, mpaka wa hewa baridi, upepo wa bahari unaoingia nchi kavu), na upepo unaobadilika kwa kimo. Vitatu vya kwanza vinakupa radi, cha nne kinakwambia radi ya aina gani.

Na hii kazi ya kukusanya viungo ina umri wake. Machi 20, 1948 tonado ilipiga kambi ya ndege ya Tinker, Oklahoma, bila onyo. Maafisa wawili pale kambini, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaambiwa watafute kama inaweza kutabirika. Wakachambua ramani za nyuma siku baada ya siku. Tarehe 25, siku 5 tu baadaye, ramani ya asubuhi ikafanana na ile ya tarehe 20. Wakatoa onyo, ndege zikaingizwa ndani, na jioni ile tonado ikapita kambi ile ile. Kuipata kambi yenyewe kwa mara ya pili ilikuwa nadra sana, ila kusoma kwamba hewa ya siku ile inafanana na ya juzi haikuwa bahati.

---

Rubani_Mstaafu

Nimekuja kuchangia kwenye upande wa kushuka, maana huo ndo unaotuua sisi. Juni 24, 1975 ndege ya shirika la Eastern, safari namba 66, ilianguka ikitua New York wakati wa radi, watu zaidi ya 110 walifariki. Mtafiti wa hali ya hewa Tetsuya Fujita ndiye aliyeng'ang'ana kwamba kuna mkondo mdogo wa hewa ulioanguka kutoka winguni ukagonga ardhi ukatawanyika pande zote. Kilichompa wazo kilianzia mbali, akiwa kijana Japani mwaka 1945 alipelekwa Nagasaki kukagua, akaona miti imelala kwa mtindo wa nyota kutoka katikati. Mwaka 1974 baada ya mlolongo mkubwa wa tonado Marekani aliona kutoka kwenye ndege miti imelala kwa nyota ile ile wakati tonado inatakiwa ilaze kwa kuzungusha. Wenzake wengi hawakumwamini mpaka rada za Doppler (zinazopima mwendo wa upepo) zilipoipima.

Kwa rubani inakuja hivi: unakaribia kutua, ghafla upepo wa mbele unaongezeka, ndege inanyanyuka, mkono wako unataka kupunguza nguvu. Sekunde chache baadaye unasukumwa chini, halafu upepo unageuka wa nyuma, mabawa yanakosa hewa na uko mita mia na kidogo juu ya ardhi. Waliopunguza nguvu pale mwanzo ndo hawakurudi. Leo tunafundishwa kuweka nguvu yote na kunyanyua pua mara moja tukiona ile dalili ya kwanza, na viwanja vikubwa vina rada maalumu ya hiki kitu peke yake.

---

MtazamaMawingu

Asante sana kamanda, hii nisingeweza kuiandika mimi. Niweke fizikia yake kwa ufupi: mvua ikianguka kupitia hewa kavu inakauka njiani, kukauka kunanyonya joto (lile joto lililoachiwa mvuke ulipogeuka maji sasa linadaiwa), hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka. Kwa hiyo siku ambayo chini ya wingu pako juu sana na hewa ya chini ni kavu, hata kiwingu kinachotoa mvua isiyofika ardhini kinaweza kudondosha upepo mbaya. Wanaoangalia ukubwa wa mvua tu wanapitwa na hiyo.

---

Rada_Kiganjani

Na umeme wenyewe unatokea wapi wakuu? Na mvua ya mawe?

---

BintiSayari

Vyote viwili vinatoka kwenye barafu. Juu ya kimo cha nyuzi 0 kuna maji ambayo ni baridi chini ya sifuri ila hayajaganda, yanaweza kubaki hivyo mpaka karibu -38. Vijiwe laini vya barafu vinayaokota, na njiani vinagongana na chembe ndogo za barafu zinazopandishwa na upepo. Kila mgongano unahamisha chaji kidogo. Kwenye baridi zaidi ya kama -15 vijiwe vinabaki na hasi, chembe zinachukua chanya zinapelekwa juu kabisa. Mgongano mara mabilioni, wingu linagawanyika, juu chanya katikati hasi, mpaka hewa inashindwa kuzuia. Njia ya umeme inafika kama nyuzi 30,000, hewa inatanuka ghafla, hiyo ndo ngurumo. Kwa hiyo umeme ukiongezeka haraka wingu linakwambia mkondo wake wa kupanda umepata nguvu, watabiri wanaufuatilia kwa setilaiti siku hizi kama mapigo ya moyo.

Jiwe la mvua ni kijiwe hicho hicho kilichobebwa muda mrefu. Lile kubwa lililopimwa Vivian, South Dakota, Julai 23, 2010 lilikuwa na upana wa sentimeta 20 na uzito wa gramu 880. Fikiria hewa inayoweza kulishikilia hilo. Rada mpya zinalitambua kwa sababu tone la mvua likianguka linabonyea linakuwa pana, jiwe linabingirika, kwa hiyo mawimbi ya rada ya kulala na ya kusimama yanarudi tofauti kwenye mvua ila kwenye mawe yanarudi karibu sawa.

---

Kisiki_Mkavu

Wakuu nipo nje muda huu, saa nane na nusu. Joto kwenye kipima changu 33. Nimeanza kuangalia mawingu kwa jicho jingine. Kuna moja linapanda kama mnara, linafika kimo fulani kichwa kinachanika pembeni kinayeyuka. Limefanya hivyo mara tatu. Ndo nini?

---

MtazamaMawingu

Ndo kifuniko unakiangalia kwa macho mkuu! Mnara unafika pale unakosa wepesi, hewa kavu inaingia pembeni matone yanakauka, kichwa kinaliwa. Ila usiudharau, kila mnara unaokufa unaacha mvuke wake pale juu, unaofuata unakuta hewa imeshalowana kidogo. Angalia kingo. Kichwa kikiwa na kingo kali kama koliflawa bado ni maji na kinapanda kwa nguvu. Kingo zikianza kulainika kuwa kama nyuzi za pamba, limefika kwenye barafu, radi iko karibu. Kichwa kikitandazika kama meza ya fundi chuma, limefika kwenye dari ya anga.

---

Kisiki_Mkavu

Saa tisa na dakika kumi. La nne halijachanika. Limepita pale pale wenzake walipoishia na linapanda haraka, ninaliona linabingirika kabisa. Chini yake peusi.

Edit: kingo zimelainika juu. Nimeona umeme, nikahesabu sekunde 24 mpaka ngurumo.

---

BintiSayari

Sekunde 3 ni kilometa 1, kwa hiyo uko kilometa 8. Ikishuka chini ya sekunde 30 inatakiwa uwe ndani tayari kaka. Ingia, na usitoke mpaka nusu saa ipite toka ngurumo ya mwisho. Kipima joto kiache dirishani.

---

Kisiki_Mkavu

Nipo ndani. Upepo umekuja ghafla kutoka upande wa wingu, vumbi jingi, wa baridi. Kipima kilikuwa 33, baada ya dakika kumi kinasoma 24. Mvua yenyewe bado haijafika hapa.

---

MtazamaMawingu

Hiyo baridi ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu, inatambaa chini mbele ya mvua na kuinyanyua hewa ya joto inayoikuta. Wakati huu ina kazi ya kupasua kifuniko kwa majirani zako walio mbele. Tuandikie mvua ikifika na kipima kimesimama wapi.

---

Kisiki_Mkavu

Imefika saa tisa na dakika 41. Kipima 21. Umande niliutazama kwenye simu mchana, walikuwa wameandika 23.